Aliyekulisha Kabla ya Bumu

Nina nyumba ya wapangaji Ng'ong'ona, upande wa chini wa vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma. Vyumba vimezunguka ua mmoja, bomba liko katikati, na kando ya ukuta wa choo kuna mpapai ambao nitausema baadaye. Wapangaji karibu wote ni wanafunzi: wengine wa hapo UDOM, wengine hupanda daladala kila asubuhi kwenda vyuo vya mjini. Nilifundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo baadhi yao huniita mama, wengine madamu, na siku kodi ikichelewa nakuwa mama yetu mpendwa.

Wazazi hunipigia simu kabla ya kumleta mtoto. Maswali yao ni mawili. La kwanza, maji yanatoka? Hilo nalijibu bila kusita: yanatoka kwa mgao, tanki lipo. La pili, hapo mtaani hakuna makundi mabaya? Hapo huwa nakohoa kwanza. Mzazi ana picha ya vijana fulani waliokaa kwenye kona, macho mekundu, na anaamini mwanawe akipita upande wa pili wa barabara atasalimika. Ninayoyaona uani kwangu hayafanani na picha hiyo. Kundi linalomzoesha kijana chupa ndilo hilo hilo linalompa ugali, linalomjulisha kipindi kimehamia ukumbi upi, linalomchangia nauli akifiwa.

Tuanze na huo ugali. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au mwezi wa Novemba. Kijana wa mwaka wa kwanza anashuka stendi ya Nanenane na begi, ndoo na godoro. Baba ameuza alichouza, kodi imelipwa, michango ya chuo imelipwa, na kilichobaki mfukoni kinakwisha kabla Bodi ya Mikopo haijaingiza fedha. Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, akaunti zina makosa ya herufi, mara jina la kidato cha nne halilingani na la kitambulisho. Ni wiki za ukata mkali. Kijana anajifunza kupiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja unaobeba asubuhi, mchana na usiku. Ndipo jirani wa mwaka wa pili, aliyeketi mlangoni na sufuria, anapoita: "Dogo, njoo tule."

Dogo anakula. Kesho anakula tena. Kama ni mtoto wa Bukoba atanuna kidogo akiuona mlenda, lakini njaa ya Novemba haichagui, na kufika Krismasi anausifia kuliko Wagogo wenyewe. Urafiki unaanzia hapo, na mimi siuoni kuwa mbaya hata kidogo. Ila kuna deni limeingia ambalo halikuandikwa popote. Mwezi ukipita, jioni moja baada ya ugali inatoka chupa, na kijana hawezi kupokea tonge kwa mkono huu na kuisukuma chupa kwa mkono ule.

Halafu bumu, ndivyo wanafunzi wanavyoiita fedha ya mkopo, linaingia. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya kujikimu kwa mwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali, lakini haiji kwa siku. Huja kwa mafungu, na fungu la miezi miwili ni laki sita. Mtu wa miaka ishirini aliyekuwa akikopa chumvi jana, leo ana laki sita kwenye simu. Siku hiyo siambiwi na mtu. Naisikia kwa bodaboda zinazoingia na kutoka getini, kwa harufu ya chipsi kuku, kwa spika ambayo jana ilikuwa imewekwa rehani. Na kwa chupa.

Niseme neno kuhusu chupa. Zamani palikuwa na viroba, zile pombe kali za mifuko midogo ya plastiki, bei ya mtu yeyote. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na niliipongeza, kwa sababu watoto wa sekondari walikuwa wakivificha kwenye soksi. Lakini kiroba mtu alikinywa peke yake, nyuma ya nyumba, akatupa mfuko. Chupa kubwa inataka mchango. Ukichanga umeingia kwenye hesabu, na ukiwa kwenye hesabu unatarajiwa kukinga kikombe. Sina takwimu za jambo hilo, nina ua tu. Uani kwangu pombe ilihama kutoka mfukoni kwa mtu mmoja ikaja katikati ya mkeka.

Sasa mpapai. Masika fulani nilianza kusikia harufu ya gongo pale chini yake, na siku hizo hapakuwa na mtu anayepika gongo jirani. Jioni moja ya bumu nikiwa dirishani jikoni namwona kijana anainuka mkekani na kikombe chake cha plastiki, anaelekea chooni, anainama kwenye mpapai, anamimina, anarudi na kikombe kitupu akikiinua juu aongezewe. Wenzake wakamshangilia. Haukupita muda, akainuka mwingine kutoka mkeka ule ule. Njia ile ile, mpapai ule ule.

Asubuhi nilimkuta wa kwanza akifua. "Mwanangu, mpapai wangu umekukosea nini?"

Akainamisha uso kwenye beseni. "Mama, nikikataa watasema nawaringia."

"Na mwenzako naye anaogopa kuringa?"

"Mwenzangu yupi?"

Hakuwa na habari. Mkeka ulikuwa na watu watano, wawili walikuwa wakiumwagilia mpapai, kila mmoja akijiona ni yeye pekee asiyeipenda ile kitu. Wa tatu, aliyekuwa akiinunua mara kwa mara, alikuja kuniambia siku ya mahafali kwamba alinunua asionekane bahili. Wanywaji wenyewe basi walibaki wawili, na hao wawili wangekuambia kwa kiapo kwamba geto zima linapiga gambe.

Jambo hili lina wenyewe waliolichunguza. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Perkins na Berkowitz, waliandika juu ya wanafunzi wa chuo: wengi wao waliamini wenzao wanakubaliana na ulevi kuliko wenzao hao walivyokubaliana nao kweli. Kila mtu alipima watu wengine kwa kelele zao. Ni rahisi kuona inavyotokea. Anayelewa na kuimba saa nane za usiku husikika mtaa mzima. Aliyelala saa nne hasikiki. Asubuhi chuoni inasimuliwa habari ya mwimbaji, na mwanafunzi mgeni anaondoka na picha kwamba chuo ndivyo kilivyo.

Zaidi ya hapo kuna Solomon Asch. Mwaka 1951 alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa vijana wa vyuo. Aliwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wataje upi unalingana na ule wa kwanza. Hata mtoto wa darasa la pili angepata. Kumbe kwenye chumba kile mmoja tu ndiye aliyekuwa akipimwa. Wengine walikuwa wameelekezwa kutoa jibu lisilo sahihi kwa sauti moja. Karibu theluthi ya majibu ya aliyepimwa yalifuata kosa la wengi. Hakuna aliyemtisha. Hakuna aliyesema "utajibu hivi". Walijibu tu, wakatulia.

Ila mimi hunivutia sehemu ya pili ya kazi ile, ambayo watu wengi hawaisimulii. Asch alipomweka mtu mmoja tu anayejibu sahihi katikati ya wale waongo, makosa ya aliyepimwa yalishuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Mtu mmoja. Na hata alipomweka mtu anayepingana na wengi kwa jibu ambalo nalo halikuwa sahihi, bado kamba ililegea. Kilichowabana si wingi wa watu. Kilichowabana ni kutokuwepo hata mmoja aliyeachana na wenzake.

Huyo mmoja nilikuja kumpata uani mwaka uliofuata, kijana kutoka Singida. Alikuja na dumu la mafuta ya alizeti na ustadi wa kupika kuliko wasichana wote wa upande wa pili, na kwa mambo hayo mawili akawa mtu wa lazima kwenye mkeka. Chupa ilipomfikia alisema, bila kupunguza sauti: "Mimi sipigi. Nipeni soda." Basi. Hakusema ni dini, hakusema ni dawa, hakumtazama mtu kwa jicho la kuhukumu. Akaendelea kukaanga vitunguu. Wiki chache baadaye kulikuwa na soda tatu mkekani, na mpapai wangu ukaacha kunuka.

Hapa nawagusa ndugu zangu waliookoka, na nawaomba wanivumilie kwa sababu nasali nao. Kijana akiokoka chuoni mara nyingi huhama mkeka. Anapata wenzake wa kwaya na wa mkesha, analindwa, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mkeka alioacha umebaki na wanywaji pamoja na wale wanaomwagilia mipapai, na mtu pekee ambaye angetamka "sipigi" hayupo tena. Yule wa Singida alisaidia kwa sababu alibaki na mwiko wake.

Wapo wanaosema haya yote ni tabia ya mtu, aliyelelewa vizuri hawezi kupotea. Ninawaheshimu, ila kuna utafiti unaowapa shida. Michael Kremer, mchumi aliyewahi kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya na baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, aliandika pamoja na Dan Levy mwaka 2008 juu ya chuo kimoja kikubwa cha Marekani kilichokuwa kikiwapangia wanafunzi wenzao wa chumba kwa bahati nasibu. Hilo ndilo lenye thamani, maana mtu akijichagulia mwenzake huwezi kujua nani kamwambukiza nani. Wavulana walioangukia kwa mtu aliyekuwa akinywa kabla ya kuja chuo walipata wastani wa ufaulu ulio chini kwa robo ya alama, katika ngazi inayoishia nne. Wale ambao wenyewe walikuwa wanywaji wa mara kwa mara, wakaangukia kwa mnywaji mwenzao, walishuka zaidi ya hapo. Na athari haikuisha walipotengana mwaka wa pili. Kwa wasichana haikuonekana.

Kwetu mageto hayapangwi kwa bahati nasibu. Wanaovuta hutambuana kabla kitanda hakijafungwa bolti. Mtafiti Denise Kandel aliwafuatilia vijana wa jimbo la New York na marafiki zao, akachapisha mwaka 1978 kwamba kufanana kwa marafiki katika bangi kulitokana na mambo mawili yenye uzito karibu sawa: wanaofanana huchaguana, na waliokwisha kuchaguana hufananishana. Kwa hiyo mzazi anayesema "mwanangu kaharibiwa" ana nusu ya ukweli, na jirani anayesema "alikuwa hivyo tangu kwao" ana nusu yake.

Wasichana, basi. Kwa kuwa hawakai mkekani na spika, watu hudhani hawamo. Huku kwetu ni nchi ya zabibu, na mvinyo mtamu wa kienyeji hupatikana kwa bei nafuu, mara nyingine kwenye chupa za maji zilizotumika. Chumbani kwa wasichana hauhesabiwi kuwa pombe. Unaitwa "wain yetu ya Dodoma" na unanywewa kwenye vikombe vya chai. Bia ina kilevi cha asilimia kama tano, mvinyo huzidi mara mbili ya hapo, na mwili wa mwanamke una maji machache ya kukizimua. Hayo niliyafundisha ubaoni. Binti mmoja aliyelala sakafuni kwa mwenzake hadi saa sita mchana aliniambia alidhani ni kama juisi. Aliyemkaribisha naye alidhani hivyo hivyo.

Mirungi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu inaingia kwa mlango wa bidii. Wiki za UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, pale kila mtu anapoogopa sapu, yaani kurudia mtihani, na zaidi ya sapu kuogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hakuna spika wala nyimbo. Kuna vijana na madesa yao, yaani karatasi za kusomea, na mmoja ana majani kwenye mfuko mweusi, yametoka milima ya Same au Kenya. Sheria ya mwaka 2015 inayakataza sawa na bangi, lakini pale mezani yanaitwa msaada wa kukesha. Kuyakataa ni kama kusema hutaki kufaulu. Kinachofuata ni usiku wa pili bila usingizi, na ubongo huhifadhi ulichosoma wakati umelala, si wakati unatafuna. Wengine wasio na mirungi huchanganya vinywaji vya kuongeza nguvu na pombe, ili wasisikie wamelewa. Wamelewa hivyo hivyo.

Nimeliacha mwisho lililo zito. Alikuwepo kijana wa mwaka wa pili, mpole, mtu wa hesabu. Alianza bangi kwa wenzake wa nyumba nyingine, akaendelea na keki zilizochanganywa na bangi, ambazo huchelewa kupanda, mtu akadhani hazifanyi kazi akaongeza. Muda si mrefu akaacha kulala. Akaanza kusema mhadhiri anamtaja redioni. Wenzake wa chumba walifanya nini? Walimchotea maji. Walimfulia. Walimsainia mahudhurio, wakaandika jina lake kwenye kazi ya kikundi. Na mimi nilipouliza wakaniambia ana malaria, tena wakanionyesha na dawa.

Siwezi kuwaita hao kundi baya. Sijawahi kuona upendo wa aina ile baina ya vijana wasio ndugu. Lakini upendo ule ulimchelewesha kupata tiba, kwa sababu waliogopa mambo mawili: kwamba chuo kitamfukuza, na kwamba neno Mirembe litamfuata maisha yake yote. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko hapa hapa mjini, na nchi nzima inalitumia jina lake kumtukania mtu. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo ni ya bure, waliijua. Waliiona ni ya kuchongea watu.

Mjomba wake alikuja kutoka Shinyanga, tukampeleka Mirembe pamoja, kwa bajaji. Akalazwa, akatibiwa, akaahirisha mwaka, akarudi akamaliza. Si wote wanaovuta bangi hufika huko. Hatari huongezeka kwa anayevuta kila siku, kwa aliyeanza mapema, kwa anayevuta iliyo kali, na kwa mwenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo wake. Mjomba alimwuliza daktari kama kijana angepewa methadoni aliyoisikia redioni, akaelezwa kwamba hiyo ni ya walioathirika na heroini. Ilianza Muhimbili mwaka 2011, na hapa Dodoma hutolewa Itega, ila kwa bangi na pombe haina kazi.

Kila mwaka wageni rasmi huja vyuoni kuwaambia vijana wajiepushe na makundi. Vijana hupiga makofi, kisha hurudi kula na makundi yao, kwa sababu chakula kiko huko. Na taasisi inayotangaza kwamba atakayebainika atafukuzwa imeshawaambia wenzake wa chumba waseme ni malaria. Ningekuwa mimi, ningetangaza kwa herufi kubwa zaidi ya hizo kwamba atakayemleta mwenzake kutibiwa, wote wawili wana usalama.

Ila mimi sina chuo, nina vyumba. Nilichofanya ni kuanza na deni la Novemba. Vyuo vikifungua nanunua magunia ya unga pale Majengo, na kila wa mwaka wa kwanza anayeingia kwangu anaweza kuchukua ndoo moja kwa mkopo, na maharage, analipa bumu likiingia. Naandika kwenye daftari, anatia sahihi. Akiitwa "dogo njoo tule" anakwenda na unga wake mkononi, amechangia, na hapo hata ulimi wake huwa mwepesi kidogo kusema anachotaka na asichotaka. Wa mwaka jana wameshalipa wote isipokuwa mmoja. Naye hanipi wasiwasi, yuko chumba cha tatu, na kodi yake inaisha Machi.